Kalori Ghafi na Kalori Halisi: Hesabu ya Chakula na Kazi katika Mwili wa Mwanadamu

Mfanyabiashara wa Soko la Majengo mjini Dodoma ajua vema kwamba fedha zilizomo katika kisanduku chake jioni si faida yake. Katika fedha hizo mna bei aliyonunulia mali, nauli ya mzigo na ushuru wa soko. Fedha zote pamoja huitwa mapato ghafi; zile zibakizo baada ya kutoa gharama ndizo mapato halisi. Mfanyabiashara atumiaye mapato ghafi kana kwamba ni faida hufilisika, na mara nyingi hafahamu chanzo cha kufilisika kwake.

Mwili wa mwanadamu nao una hesabu ya namna hiyo. Chakula ni mapato, kazi ni matumizi, na kipimo cha vyote viwili ni nishati. Siku hizi watu wengi huandika chakula walacho na mazoezi wafanyayo, wengine katika daftari, wengine katika simu. Walakini wengi wao huchanganya ghafi na halisi, na hesabu yao huwapotosha. Makala haya yaeleza tofauti hiyo hatua kwa hatua, kwa mifano ya uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, ambako elimu hii ina faida mbili: kumwongoza mtu mzima anayenenepa kupita kiasi, na kumlinda kijana anayekua ambaye hula kidogo na kutembea sana.

Hesabu hiyo si jambo geni katika nchi ya Ugogo. Mvua za huko hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mavuno ya msimu huo hayana budi kutosha mpaka mavuno yafuatayo. Katika miaka ya 1917 hadi 1920, ukame ulipokutana na vita ambavyo majeshi ya Kijerumani na ya Kiingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, Wagogo walipatwa na njaa kuu ambayo kumbukumbu zao huiita Mtunya. Chakula kilitolewa nchini wakati huohuo kazi ya sulubu ilipoongezwa. Hesabu ya nishati ya nchi nzima ikapinduka, na watu wengi wakafa.

KIPIMO CHA NISHATI

Kalori moja ni kiasi cha joto kinachoweza kupandisha halijoto ya gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kipimo hicho ni kidogo mno kwa mambo ya chakula. Kwa hiyo hutumika kilokalori, ambayo ni kalori 1,000. Kilokalori 1 ni sawa na kilojuli 4.18 hivi. Msomaji atahadhari na jambo moja: katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika maandishi ya pakiti za vyakula, watu husema "kalori" wakimaanisha kilokalori. Katika makala haya kiasi chote chatajwa kwa kilokalori.

Kuna mahali patatu ambapo ghafi hutengana na halisi: katika chakula chenyewe, katika kazi moja ya saa moja, na katika mwenendo mzima wa mwili kwa siku nyingi. Kila mahali patazamwe peke yake.

HATUA YA KWANZA: CHAKULA KILICHOLIWA NA CHAKULA KILICHOPATIKANA

Chakula kikichomwa kabisa ndani ya chombo cha chuma kilichojazwa oksijeni na kuzungukwa na maji, joto lote litokalo laweza kupimwa. Hiyo ni nishati ghafi ya chakula. Gramu 1 ya protini hutoa karibu kilokalori 5.65, gramu 1 ya mafuta karibu 9.4, na gramu 1 ya wanga karibu 4.1.

Mwili lakini si tanuri. Sehemu ya chakula haimeng'enywi, nayo hutoka na choo. Aidha, mwili hauwezi kuichoma naitrojeni ya protini. Huitoa katika mkojo kwa umbo la yurea, ambayo bado ina nishati ndani yake. Mwanakemia Mmarekani Wilbur Atwater (1844–1907) alizipima hasara hizo kwa uangalifu, naye akaacha tarakimu ambazo hutumika duniani kote mpaka leo: protini 4, mafuta 9, wanga 4 kwa kila gramu. Kwa hiyo tarakimu za vitabuni na za pakiti zimekwisha kutolewa hasara hizo. Protini ndiyo ipunguzwayo zaidi, kutoka 5.65 hadi 4.

Jedwali la 1. Nishati katika gramu 100 za baadhi ya vyakula (takriban)

Unga wa uwele: 360
Unga wa mtama: 350
Maharage makavu: 335
Karanga mbichi zilizokauka: 570
Zabibu: 70
Maziwa ya ng'ombe: 65
Sukari: 400
Mafuta ya kupikia: 900

Hata hivyo tarakimu hizi ni wastani, na upishi waweza kuzigeuza. Karanga zilizotafunwa nzima hutoa nishati pungufu kuliko karanga zilizosagwa, kwa sababu sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya kuta za seli na kutoka na choo. Protini ya mtama nayo huwa ngumu zaidi kumeng'enywa baada ya kupikwa. Kuuchachusha mtama, kama ifanywavyo katika uji wa chachu, hupunguza kasoro hiyo. Mama apondaye karanga na kuzitia katika mlenda huongeza nishati ambayo mlaji ataipata, ingawa hakuongeza hata punje moja.

HATUA YA PILI: KAZI YA SAA MOJA

Hapa ndipo penye kosa litokealo mara nyingi kupita yote. Mwili hautumii nishati wakati wa kazi tu. Mtu alalaye usingizi mzito bado moyo wake hupiga, mapafu yake hupumua, ini, figo na ubongo wake hufanya kazi, na joto la mwili wake hutunzwa. Matumizi hayo huitwa matumizi ya utulivu. Kwa mtu mzima hukadiriwa kuwa kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa. Mtu wa kilo 50 hutumia basi karibu kilokalori 50 kwa saa, au 1,200 kwa siku, hata asipoinua mkono. Kwa watu wengi, matumizi ya utulivu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika matumizi ya siku. Kumeng'enya chakula chenyewe hugharimu karibu asilimia 10 ya nishati iliyoliwa. Yaliyosalia ndiyo ya kutembea, kulima, kucheza na shughuli nyinginezo.

Wataalamu huieleza nguvu ya kazi kwa kusema ni mara ngapi ya utulivu. Kadirio hilo na liitwe M. Kutembea kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa kuna M ya 3.5 hivi, yaani mtembeaji hutumia nishati mara tatu na nusu ya mtu aliyetulia. Kanuni zake ni hizi:

Nishati ghafi ya kazi = M × uzito × saa
Nishati halisi ya kazi = (M − 1) × uzito × saa

Ile 1 inayotolewa ni matumizi ya utulivu. Nishati hiyo ingetumika hata kama mtu angekaa chini ya mbuyu saa ile yote. Haikuletwa na kazi, kwa hiyo haifai kuhesabiwa kuwa tunda la kazi.

Jedwali la 2. Nishati ya kazi ya saa 1 kwa mtu wa kilo 50 (takriban)

Kukaa na kuandika: M 1.5, ghafi 75, halisi 25
Kutembea kilometa 5 kwa saa: M 3.5, ghafi 175, halisi 125
Kulima kwa jembe la mkono: M 5, ghafi 250, halisi 200
Kucheza mpira wa miguu: M 7, ghafi 350, halisi 300
Kukimbia kilometa 10 kwa saa: M 10; ghafi 500; halisi 450

Mwanafunzi mwangalifu ataona jambo la kuzingatia katika jedwali hili. Kadiri kazi ilivyo nyepesi, ndivyo sehemu ya kutolewa ilivyo kubwa. Sehemu hiyo ni 1 kugawanya kwa M. Katika kukimbia ni asilimia 10. Katika kutembea ni karibu asilimia 29. Katika kukaa na kuandika ni asilimia 67.

Mfano wa juu kabisa watolewa na wakimbiaji wa uwanda huu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, akitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilometa. Mkimbiaji wa kilo 56 akimaliza kilometa 42.2 kwa muda kama huo atakuwa ametumia ghafi karibu 2,360. Katika muda huohuo utulivu ungemgharimu karibu 120 tu, basi halisi ni 2,240. Tofauti ni asilimia 5, na kwake yeye si kitu. Lakini mtu atembeaye polepole jioni akijihesabia ghafi amekosea kwa zaidi ya robo.

Kuna namna ya pili ya kosa hili, nayo ni kuhesabu mara mbili. Programu nyingi za simu humwuliza mtu kwanza kama kazi zake za kila siku ni nyepesi au nzito, kisha humpangia kiasi cha chakula kinacholingana na jibu lake. Mkulima akijibu kwamba kazi zake ni nzito, jembe limekwisha hesabiwa. Akiandika tena jioni kwamba amelima saa 3, na programu ikamwongezea chakula kwa ajili hiyo, jembe limehesabiwa mara mbili.

Wala saa za mkononi zenye kupima mapigo ya moyo si mwamuzi wa kutegemewa katika jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu aina 7 za vyombo hivyo na kutangaza matokeo mwaka 2017. Aina nyingi zilipima mapigo ya moyo vizuri, bali kwa nishati chombo kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichokuwa duni kupita vyote kwa asilimia 93.

HATUA YA TATU: MWILI HUBANA MATUMIZI

Hatua hii ilivumbuliwa karibuni, na ushahidi wake mmoja mashuhuri ulitoka Tanzania. Ukingoni kaskazini mwa uwanda wa kati, kandokando ya Ziwa Eyasi, huishi Wahadzabe. Baadhi yao wangali wakipata riziki kwa kuwinda kwa upinde, kurina asali, kuchuma matunda na ubuyu, na kuchimba mizizi. Wanasayansi wengi walidhani kwamba watu wanaofanya kazi kiasi hicho kila siku ni lazima watumie nishati nyingi kuliko watu wa mijini wakaao vitini. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Herman Pontzer, na ambacho ndani yake alikuwamo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiliamua kupima badala ya kudhani.

Njia yao huitwa maji yenye alama mbili. Mtu hunywa kiasi kidogo cha maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni za aina nzito kuliko za kawaida. Maji hayo hayana madhara. Haidrojeni nzito hutoka mwilini kwa njia moja tu, yaani katika maji: mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa njia mbili: katika maji, na pia katika kaboni dioksidi ipumuliwayo. Kwa kupima mkojo siku baada ya siku, mtafiti huona ni kwa kiasi gani oksijeni imepungua upesi kuliko haidrojeni. Tofauti hiyo humwonyesha kaboni dioksidi iliyotengenezwa, na kwa hiyo nishati iliyotumika. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu huendelea na shughuli zake kama kawaida, bila kufungiwa chumbani wala kuvalishwa mashine.

Watu wazima 30 walipimwa, na matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Wanaume wa Kihadzabe walitembea wastani wa kilometa 11.4 kwa siku, na wanawake kilometa 5.8. Hata hivyo nishati yao ya siku nzima ilikuwa karibu kilokalori 2,650 kwa wanaume na 1,880 kwa wanawake. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, kiasi hicho hakikupita kile cha watu wa Marekani na Ulaya.

Maana yake nini? Haiwezekani kutembea bila kutumia nishati. Sheria ya fizikia haina upendeleo. Kinachoelekea kutokea ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine, mfano wa mwenye nyumba apunguzaye matumizi ya jikoni karo ya shule inapopanda. Wataalamu hufikiri kwamba kinga ya mwili, homoni za wasiwasi na za uzazi, na miendo midogomidogo isiyo na lazima ndizo sehemu zinazobanwa. Utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2021, uliokusanya vipimo vya watu wazima 1,754 wa nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya nishati ya kazi ya ziada hufidiwa hivyo. Kwa maneno mengine, katika kila kilokalori 100 za kazi, 72 tu huonekana katika jumla ya siku.

Wataalamu hawajakubaliana katika yote. Wengine huona kwamba ukubwa wa fidia hiyo hutegemea mtu, umri, na kama amekula akashiba. Tena mazoezi yana faida nyingi zisizohusu uzito: huimarisha moyo, misuli na mifupa, na humsaidia mwenye kisukari kutawala sukari ya damu. Mtu asiseme basi kwamba kutembea hakuna maana. Aseme kwamba kutembea peke yake si njia fupi ya kupunguza uzito.

MIFANO MIWILI ILIYO KINYUME

Mfano wa kwanza. Mwalimu wa kilo 70 atembea saa 1 kila jioni kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa. Simu yake yamwandikia 3.5 × 70 = 245. Hiyo ni ghafi. Akitoa utulivu, (3.5 − 1) × 70 = 175. Hiyo ni halisi ya saa ile. Akizingatia kwamba mwili hubana, na akitumia wastani wa asilimia 72, apata 126. Njiani akirudi anunua chupa ya soda yenye gramu 30 za sukari: 30 × 4 = 120. Kwa hesabu ya ghafi ajiona amebakiza 125. Kwa hesabu ya kweli amebakiza 6. Kila jioni asema amefanya mazoezi, na ni kweli. Kila mwezi apanda mizani na kustaajabu, na mizani nayo haisemi uongo. Dawa yake si kutembea mara mbili. Ni kuendelea kutembea, na kunywa maji.

Mfano wa pili. Msichana wa sekondari mwenye kilo 48 atembea saa 1 kwenda shuleni na saa 1 kurudi, na jioni acheza mpira saa 1. Kutembea humgharimu halisi 2.5 × 48 × 2 = 240; mpira 6 × 48 = 288. Jumla ni 528. Kwa siku apata chakula cha kilokalori 1,700. Inayobaki kwa ajili ya moyo, ubongo, kinga, kukua na kukomaa ni 1,172.

Je, yatosha? Wataalamu wa michezo huigawanya nishati hii iliyobaki kwa uzito wa mwili usio na mafuta. Ikiwa robo ya uzito wa msichana huyu ni mafuta, uzito usio na mafuta ni kilo 36, na 1,172 ÷ 36 = 32.6. Majaribio ya Anne Loucks na mwenzake huko Marekani, yaliyotangazwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba nishati hii ikishuka chini ya kiasi cha 30 hivi, homoni zinazoongoza uzazi wa wanawake vijana huanza kuvurugika katika muda wa siku 5 tu. Msichana wa mfano yumo ukingoni. Mavuno yakiwa haba na chakula chake kikashuka hadi 1,500, atabakiza 972, ambayo ni 27 kwa kila kilo. Hapo hedhi yaweza kukoma, mifupa hukosa kuimarika, uchovu hushika na masomo hufifia. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii, ikionya kwamba huwapata wanamichezo wa kiume pia.

Ni dhahiri basi kwamba hesabu ile ile yatoa shauri tofauti kwa watu wawili. Kwa mwalimu, kubaki na kidogo ndilo lengo, mradi kusipite kiasi. Kwa msichana ni hatari. Na kule kubana matumizi kunakomkinga mtu mzima asikonde upesi, kwa mtoto anayekua hubana palepale asipopaswa kubanwa, yaani katika kukua kwake. Mwalimu wa michezo awezaye kufanya hesabu hii hatamwambia mchezaji wake aliyekonda kwamba ni mvivu kabla ya kumwuliza alikula nini asubuhi. Gramu 60 za karanga zilizopondwa humwongezea karibu kilokalori 340. Chini ya vipimo vya mfano huu, nyongeza hiyo yampandisha kutoka 27 hadi zaidi ya 36.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: karanga moja iliyokaushwa, sindano ndefu yenye mpini wa mbao, neli ya majaribio, kishikio, kipimajoto, mizani, maji mililita 25. Mwalimu ahakikishe kwanza kwamba hakuna mwanafunzi adhuriwaye na karanga, na kwamba miwani ya kukinga macho imevaliwa.

1. Pima uzito wa karanga. Pima maji, yatie katika neli, na usome halijoto yake.
2. Choma karanga kwa sindano, iwashe katika mwali wa moto, kisha iweke mara moja chini ya neli.
3. Karanga ikizimika, koroga maji taratibu na usome halijoto tena. Maji yasiachwe kuchemka. Mjini Dodoma, kwa kuwa mji upo meta 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96.
4. Zidisha gramu za maji kwa nyuzi zilizopanda, upate kalori. Gawanya kwa 1,000, upate kilokalori.

Tuseme karanga ya gramu 0.6 imepandisha maji ya gramu 25 kutoka nyuzi 26 hadi 66. Joto lililopatikana ni 25 × 40 = kalori 1,000, yaani kilokalori 1. Kwa gramu moja ni 1.67. Jedwali la 1 husema 5.7. Jaribio halikuharibika: zaidi ya theluthi mbili za joto zilipotea hewani, katika kioo na katika moshi. Wanafunzi waulizwe: katika jaribio hili ghafi ni ipi, halisi ni ipi, na ni kwa njia gani hasara yaweza kupunguzwa?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkulima wa kilo 60 analima kwa jembe la mkono saa 4. Tafuta nishati ghafi na nishati halisi. Ni gramu ngapi za unga wa uwele zitarudisha nishati halisi?
2. Gramu 30 za karanga zina protini gramu 8, mafuta gramu 15 na wanga gramu 5. Tafuta nishati yake kwa tarakimu za Atwater.
3. Kwa nini nishati ya protini hupunguzwa zaidi kuliko ya mafuta tunapotoka katika kipimo cha chombo cha chuma kwenda katika mwili?
4. Mtu mmoja asema: "Wahadzabe hutembea bure, maana hawatumii nishati zaidi ya watu wa mjini." Eleza kosa lililomo katika usemi huu.

Majibu. (1) Ghafi 1,200, halisi 960, unga gramu 267 hivi. (2) Kilokalori 187. (3) Naitrojeni ya protini hutoka katika mkojo kwa umbo la yurea, ambayo bado ina nishati. (4) Kutembea hugharimu nishati daima. Kinachoonekana ni kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mengine, hivyo jumla ya siku haipandi kwa kadiri ya kazi. Isitoshe, kutembea hukinga moyo na mishipa hata pale ambapo jumla haikupanda.

MWISHO

Kanuni ya haya yote ni moja, na mwanafunzi akiikumbuka atakuwa amepata somo: kabla ya kuandika tarakimu yoyote ya chakula au ya kazi, aulize ni nini ambacho kingalikuwapo hata bila ya jambo hilo, na akitoe. Kisha aulize swali la pili, ambalo ni kubwa zaidi: kile kibakicho kinahitajiwa na nani, na kwa kazi gani? Mwenye akiba ya kutosha mwilini aweza kutoa. Anayekua hana cha kutoa. Daftari la kalori lisiloyajibu maswali haya mawili ni kisanduku cha fedha kisicho na leja.